Joto Likifika Hapa, Zima

Umeme ukikatika Dar es Salaam mchana wa Februari, seva huendelea kufanya kazi kwa betri, lakini kiyoyozi huzimika papo hapo. Jenereta ikigoma kuwaka, kinachobaki ni amri aliyoiandika zamani fundi ambaye pengine muda huo amekwama kwenye foleni ya Ubungo: joto likifika hapa, zima.

Kuipata hiyo "hapa" ni ufundi. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Asiyejua ataandika 28 na kwenda zake. Fundi huuliza kwanza sensa imekaa wapi. Hewa iliyoingia mbele ikiwa 25 yaweza kutokea nyuma ikiwa 40, na prosesa iliyo katikati ikasoma 70 bila tatizo lolote.

Kisha anahesabu kinyumenyume. Tuseme chumba kisicho na kiyoyozi hupanda nyuzi moja kila dakika, seva zinahitaji dakika 6 kujifunga salama, na hataki zivuke 35. Amri itoke kwenye 29. Akitaka kuthibitisha kwa dakika moja kabla ya kuzima, basi 28. Namba ileile ya yule asiyejua, ila hii ina sababu.

Uthibitisho huo si woga. Sensa ndogo ya DS18B20, kipenzi cha mafundi kwa bei yake, kila inapopata umeme huanza na 85 kabla haijapima chochote. Waya ukilegea sekunde moja, programu ya pupa itazima ofisi nzima kwa joto ambalo halikuwepo. Fundi makini huikataa 85 inayozuka ghafla, na husubiri vipimo vitatu mfululizo vikubaliane.

Nisichochoka kukistahi ni mpangilio wake wa kuzima: seva za majaribio zitangulie, hifadhidata ifuate, diski za pamoja ziwe za mwisho. Kuwasha tena, mpaka joto lishuke chini kabisa ya kikomo, la sivyo mashine zitawaka na kuzima kutwa.

Namba hizi hazipatikani mezani. Zinataka mtu azime kiyoyozi makusudi siku ya Jumapili, asimame humo na saa mkononi. Kama ofisini kwenu hakuna aliyewahi kufanya hivyo, kikomo mlicho nacho ni cha kubahatisha.