Ramani ya Mombasa ukutani: mchoraji alisimama wapi?

Anayetaka kupamba sebule kwa ramani ya Mombasa kwa kawaida huanza na sura yake. Karatasi iwe na rangi ya kahawia, baharini pawe na jahazi mbili tatu, maandishi yawe ya Kilatini au Kireno, na mwaka ulioandikwa pembeni uwe wa kale. Hivyo swali lenye uzito zaidi halimjii: aliyeichora alisimama wapi, alipima nini, na kwa chombo gani? Naona kwamba nyumba ya Mji wa Kale inafaa zaidi kutundikwa ramani ya mji iliyopimwa nchi kavu, kwa skeli kubwa, kuliko michoro ya baharini inayopendwa na wengi. Namna ramani hizo zilivyotengenezwa ndiyo inayonipa sababu ya kusema hivyo.

Tuanze na mchoro maarufu kuliko yote. Mwaka 1572, huko Köln, Ujerumani, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao kikubwa cha miji ya dunia, Civitates Orbis Terrarum. Mombasa imo, lakini haikupewa ukurasa wake peke yake. Iko chini ya Aden, pamoja na Kilwa na Sofala, na picha zote nne zimechapwa kwenye karatasi moja. Mchoro ulichongwa kinyume kwenye bamba la shaba, mifereji ikajazwa wino, kisha bamba na karatasi iliyoloweshwa vikapitishwa kwenye mashine ya kubana. Kazi hiyo huacha alama: kwenye nakala ya asili, ukipapasa ukingo wa picha kwa kidole utahisi bonde dogo lililoachwa na bamba, ilhali nakala ya kisasa ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona nukta za rangi. Ufundi wa mkono ni wa hali ya juu. Ila waliouchonga hawakuwahi kufika Mombasa. Walifanya kazi kwa habari za wasafiri, na mji wakauonyesha kama unavyoonekana na mtu aliye chomboni, akitazama nyumba kwa mbali. Wala Ngome ya Yesu haimo, kwa kuwa ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Anayetundika mchoro huu ametundika fununu iliyochongwa vizuri, na ni haki yake, mradi ajue hivyo.

Miaka sitini baadaye mambo yamesogea kidogo. Kitabu cha António Bocarro kuhusu ngome za Wareno Mashariki, cha mwaka 1635, kina michoro inayohusishwa na Pedro Barreto de Resende, na humo Mombasa ina Ngome, makazi ya Wareno na mji wa wenyeji. Ni mchoro wa mtawala anayetaka kujua mizinga yake inalinda nini. Kisha akaja nahodha William Owen wa jeshi la majini la Uingereza, aliyepima mwambao kati ya 1822 na 1826 na kutia nanga Mombasa mwaka 1824, Wamazrui, waliokuwa wakiutawala mji, walipokuwa wakitafuta hifadhi ya Uingereza dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Oman. Hapo ndipo kipimo cha kweli kinapoanza. Mabaharia walitupa bildi, yaani kamba yenye risasi nchani, wakasoma pima za kina, na kila namba iliyotapakaa kwenye mlango wa bandari ni mahali ambapo risasi iligusa chini. Kazi ile iliacha majina: Port Reitz inamkumbuka luteni aliyeachwa na Owen kuusimamia mji, na Leven Steps zinabeba jina la meli yake. Naiheshimu sana kazi hii. Lakini tazama namba ziko wapi: ziko majini. Nahodha alihitaji alama za kulengea chombo, na mtaa ulio nyuma ya alama hizo haukumpeleka popote.

Ramani ya mji ilifanyika kinyume chake. Mpimaji alitembea nchi kavu akiwa na theodolaiti na mnyororo au utepe, akaweka vituo vinavyoonana, akapima pembe na umbali, kisha akajaza kuta za nyumba moja moja. Ndipo Ndia Kuu inapopata umbo lake halisi, Kibokoni ikaonekana jinsi vichochoro vyake vinavyopinda, na msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, ukakaa mahali pake katikati ya majirani zake. Hapa skeli ndiyo inayoamua. Kwenye ramani ya taifa ya 1:50,000, kisiwa chenye urefu wa kama kilomita tano ni sentimita kumi tu, na kichochoro cha mita mbili hakichoreki kwa kipimo chake, maana kingekuwa sehemu ya 25 ya milimita. Kwa skeli ya 1:2,500 kichochoro hicho kinakaribia milimita moja. Ukiikuza nakala hiyo hadi 1:1,000 kinakuwa milimita mbili, na mtu mzima anaweza kukifuata kwa kidole hadi mlangoni kwake. Kukuza hakuongezi usahihi, kunaongeza usomekaji, na kwa ukuta wa nyumbani usomekaji unatosha. Ramani ya namna hii pia huonyesha umri wake yenyewe. Ikionyesha daraja la kuelea la Nyali, ni ya baada ya 1931 na kabla ya daraja la sasa la mwaka 1980. Ikiandika Salim Road palipo Digo Road, au Kilindini Road palipo Moi Avenue, ni ya kabla ya majina haya ya sasa.

Kuna pingamizi zito, na sipendi lipitwe haraka. Ramani hizi za mji zilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka mwenye shamba au kiwanja cha pwani aje athibitishe haki yake mbele ya msajili, na mistari ya mpimaji ikawa ndiyo ushahidi. Wengi walipoteza ardhi, na jeraha hilo la pwani halijapona. Basi kwa nini mtu atundike nyumbani mwake mstari uliomnyima babu yake kiwanja? Najibu kwamba mchoro wa Resende ni wa mamlaka vilevile, na wa Owen pia. Tofauti ni kwamba ramani ya mji imewaandika waliokuwapo. Kuta za nyumba, misikiti na makaburi vimo humo, na vikitazamwa na familia inayojua nani aliishi wapi vinaweza kusomwa kinyume na alivyokusudia aliyelipia upimaji. Mstari ulio ofisini huifaidisha ofisi. Ukiwa sebuleni, wazee hupata pa kuelekeza kidole na kumrekebisha mpimaji.

Pingamizi la pili ni la uzuri, na la desturi. Nyumba ya Kiswahili ina mapambo yake: zidaka, vyombo vya kaure, aya zilizoandikwa kwa khati nzuri. Nakubali, ila ramani haigombani nayo. Familia nyingi hazipendi sura za viumbe ukutani, na ramani ya mji haina hata moja. Braun, kwa upande wake, aliwajaza watu mbele ya miji yake na kuandika kwamba Waturuki hawatakitumia kitabu chenye sura za watu. Anayetaka ramani kutoka ulimwengu wa Kiislamu anaweza kumchagua al-Idrisi, aliyemaliza kazi yake mwaka 1154 kwa mfalme Roger wa Sicily, akaweka kusini juu na kuitaja Mombasa. Ni nzuri mno, lakini kwa kipimo kile kile nilichomtumia Hogenberg, naye aliandika akiwa mbali, kwa habari za wasafiri.

Chumba chenyewe pia kina la kusema. Katika nyumba kongwe za mawe, boriti za mikoko huamua upana, mara nyingi chini ya mita tatu, kwa hiyo mtazamaji huwa karibu na ukuta kila wakati. Hali hiyo huipendelea ramani yenye namba na mistari midogo. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kutoa chumvi, hasa masika, kwa hiyo fremu isigusane nao: vijiti vidogo nyuma yake viache upenyo wa hewa, na kadibodi isiyo na asidi itenge karatasi na kioo. Msumari hubomoa plasta ya chokaa; toboa kwa keekee taratibu ukilenga jiwe lenyewe. Chagua ukuta wa ndani usiopigwa na jua la dirishani, na tundika nakala, ramani ya asili ibaki imelazwa bapa mahali pakavu.