Pambo Huanzia Kwenye Nyuzi

Ukurasa wa albamu ukipinda, gundi ndiyo hulaumiwa kwanza. Fundi wa kadi za mchango, albamu za sendofu au zawadi za mahafali, awe Musoma, Bunda au Butiama, anaweza kununua gundi nyingine, na ya tatu, ukurasa ukaendelea kupinda vilevile. Chanzo kimo ndani ya karatasi. Karatasi ya kiwandani huanza ikiwa rojo la nyuzi za miti linalomwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala kufuata uelekeo wa wavu huo. Uzi wa mti ukinywa maji hunenepa, lakini urefu wake haubadiliki sana. Kwa hiyo karatasi iliyopakwa gundi hutanuka upande mmoja zaidi, ikikauka husinyaa upande huohuo, na huvuta chochote ilichobandikiwa.

Hoja yangu basi ni hii: mbinu za kupamba karatasi tunazozipenda hufaulu au hushindwa kwa jinsi zinavyozitumia nyuzi hizo. Rangi na kung'aa huja baadaye.

Kujua nyuzi zimelalaje hakuhitaji mashine. Kata kipande cha mraba cha sentimita 5, lowesha upande mmoja kwa kidole, kisha tazama. Kitajiviringa, na mhimili wa mviringo huo ndio uelekeo wa nyuzi. Weka mshale wa penseli nyuma ya karatasi nzima kabla ya kukata chochote. Karatasi ya pambo na manila ya chini zikiwa na mishale inayokwenda pamoja, mvutano hupungua na ukurasa hunyooka ukikandamizwa usiku kucha chini ya vitabu vizito. Ukipinda bado, dawa ni ile ya wajalidi: bandika karatasi ya aina ileile upande wa nyuma, mshale ukielekea kulekule, ili pande mbili zivutane na kutoshana nguvu. Gundi yenyewe huingia kwenye hesabu hii kwa kiasi cha maji yake. Uji wa udaga ni rahisi na hushika vizuri, lakini ni maji mengi, na mende huupenda. Unafaa mapambo ya ukumbini yatakayoshushwa kesho yake. Albamu ipewe gundi nyeupe ya mbao, ipakwe nyembamba kwa brashi.

Mbinu ya kwanza ni kukunja. Kadi inayokunjwa sambamba na nyuzi hupata mgongo laini, ulionyooka. Inayokunjwa kuzikata nyuzi hupasuka rangi mgongoni na kuacha mstari mweupe wenye manyoya. Manila nzito ipigiwe kwanza mfereji kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ndipo ikunjwe. Kwa majalada, karatasi ya kaki hushinda manila nyingi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza kazi miaka ya 1980, hutengeneza kaki kwa nyuzi za misonobari, na nyuzi za misonobari ni ndefu, hivyo hustahimili kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

Ya pili ni kuchana kwa mkono, mbinu inayodharauliwa kwa sababu haina kifaa. Ukichana sambamba na nyuzi, mpasuko huenda karibu umenyooka. Ukizikata nyuzi, unatoka na meno. Fundi anayetaka ziwa lililotulia achane kwa njia ya kwanza. Anayetaka mawe makubwa ya ufukwe wa Musoma achane kwa njia ya pili. Kuna siri nyingine kwenye kurasa za magazeti yenye picha za rangi: kipande unachokivuta kuja kwako hubaki na ukingo mweupe, kwa kuwa tabaka la juu hutangulia kuachia. Ukingo huo ukiuweka juu ya bluu nzito, umepata povu la wimbi bila kugusa rangi.

Ya tatu, shanga za karatasi, ndiyo yenye hesabu nzuri kuliko zote. Uganda imezifanya zijulikane duniani: wanawake waliokimbia vita vya kaskazini na kukaa Acholi Quarter, Kampala, walikuwa wakizitengeneza, na shirika la BeadforLife lilianza mwaka 2004 kuwatafutia soko. Unakata pembetatu ndefu, unaiviringa kwenye sindano ukianzia kwenye kitako, na ncha inamalizikia katikati ya shanga. Kila mzunguko ni mwembamba kuliko uliotangulia, kwa hiyo kinachobaki kuonekana ni kingo tu za pembetatu, pamoja na ncha yote. Picha nzuri iliyo katikati ya kitako itazikwa isionekane tena. Anayejua hili huchagua ukurasa kwa rangi za kingo zake, na huhakikisha ncha inaangukia rangi anayotaka iwe tumboni mwa shanga.

Chukua sasa karatasi ya A4, sentimita 21 kwa 29.7, na vitako vya sentimita 2. Ukizikata pembetatu kwa urefu wa karatasi, moja ikitazama juu na jirani yake chini, unapata shanga 20. Ukizikata kwa upana, unapata 28, ila pembetatu zake ni fupi na kila shanga huwa nyembamba. Zile 20 huzizidi hizi kwa unene kama asilimia 19 hivi. Mwenye kutazama idadi atachagua 28, mwenye kutazama umbo atachagua 20. Lakini nyuzi nazo zina neno. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake. Pembetatu iliyokatwa kwa upana huviringika kwa utii, kwa kuwa nyuzi zimelala sambamba na sindano. Iliyokatwa kwa urefu hulazimisha kila uzi upinde, na shanga hutaka kufumuka kabla gundi haijakauka. Anayetaka shanga nene azungushe polepole na kuishikilia ncha muda mrefu zaidi.

Ya nne ni kubandika maganda makavu ya mgomba, mali inayopatikana bure kwa mwenye ndugu wakulima Tarime. Tabaka za nje za shina hukauka zikiwa kahawia nzito, za ndani hubaki za maziwa, na katikati kuna vivuli kadhaa, hivyo picha nzima hujengwa bila tone la wino. Maganda hunyooshwa kwa pasi ya moto wa wastani juu ya karatasi, hukatwa kwa wembe mpya, kisha hubandikwa kuanzia mandhari ya nyuma kuja mbele. Nyuzi zake huonekana kwa macho, nazo hurudisha mwanga kwa upande mmoja. Kipande kilekile ukikigeuza digrii 90 huonekana rangi nyingine. Kwa hiyo mtumbwi na maji vinaweza kukatwa kwenye ganda moja: maji yalale, mtumbwi usimame, na jicho litavitenganisha.

Wakazi wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na Serengeti wanamjua tembo kwa hasara ya mashamba. Lakini Iringa, kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 na kuajiri watu wenye ulemavu, kilianza kwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, na nyuzi zilizobaki huchemshwa, hupondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu, kisha huchotwa kwa fremu ya wavu. Mkono unaotikisa fremu hutawanya nyuzi kila upande, kwa hiyo karatasi hii haina upande inaopendelea kupinda. Kwa karatasi ya chini ya pambo zito, hiyo ni sifa kubwa.

Mpangilio nao una mabingwa wake wa zamani. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na 19, ilipambwa kwa nyeusi, nyekundu na njano, na pambo likazunguka maandishi bila kuyaingilia. Rangi tatu na ukingo mmoja vilitosha. Ukurasa wa picha za familia una haja ya nidhamu hiyohiyo.

Tahadhari kubwa ni kwa magazeti. Familia nyingi zilihifadhi kurasa za Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 na kuletwa kuzikwa Butiama. Karatasi ya gazeti hutokana na mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa huigeuza manjano, kisha asidi yake huchafua ukurasa wa jirani. Toa kopi kwenye karatasi nyeupe nzuri, pamba kopi hiyo, na gazeti lenyewe likae peke yake kwenye bahasha, gizani.

Kwa kadi ya mchango, ambayo kazi yake huisha siku ya harusi, chagua mbinu yoyote yenye kuvutia na uji wa udaga utatosha. Kwa albamu ya kurithishwa, fuata mpangilio huu: nyuzi, karatasi, gundi, ukingo, ndipo rangi. Fundi akiombwa kuonyesha kazi yake, na aanze kwa kuufungua mgongo wa jalada mbele ya mteja.