Nani Anaitazama Sakafu?

Tangazo lilikuwa na tarehe, saa, majina ya bendi nne na kiingilio cha dola 10. Anwani haikuwepo. Mahali pake paliandikwa kwamba anayetaka kujua amuulize mpanki. Mimi nilimjua mmoja tu, dada tunayefanya naye kazi maabara moja hapa Maryland, nje kidogo ya Washington. Alinipa namba ya nyumba kwa sharti kwamba nisiiandike popote. Ndiyo maana uhakiki huu hauna jina la mtaa wala la bendi. Polisi wakijua, mwenye nyumba atajua, na mwenye nyumba akijua, vijana watano waliopanga pale watatafuta pengine pa kulala.

Asiyeujua muziki huu hudhani unapigwa majumbani kwa sababu ya uhuni. Sababu mojawapo kubwa ni sheria. Marekani huruhusiwi kununua pombe kabla ya miaka 21, na kumbi nyingi zinaishi kwa pombe, kwa hiyo kijana wa miaka 16 huishia mlangoni. Mwaka 1980 vijana wa jiji hili, wakiwa wametoka tu sekondari, walianzisha lebo yao, Dischord, kwa akiba ya bendi moja iliyokuwa imevunjika, Teen Idles. Alama ya X waliyochorwa mikononi ili wasiuziwe pombe wakaigeuza kuwa nembo yao. Na katika jiji hilohilo, vijana wanne Weusi waliokuwa wakipiga jazi walikuwa wameshahamia panki na kuipiga kwa kasi ambayo watu hawakuwahi kuisikia. Hao ni Bad Brains. Panki hiyo ya kasi na ya muda mfupi ndiyo inayoitwa hadikoo.

Tulishuka ngazi za mbao hadi besimenti, chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Dari ilikuwa karibu kiasi kwamba niliigusa bila kunyoosha mkono. Mashine ya kufulia ilikuwa imefunikwa blanketi, na juu ya blanketi zikapangwa fulana za kuuza. Nilihesabu watu hadi 40 nikaacha. Hakukuwa na jukwaa. Bendi na sisi tulisimama kwenye saruji moja, na mwimbaji angeweza kunitemea mate bila kukusudia. Alifanya hivyo mara mbili.

Mimi ni mtoto wa Temeke, kasi hainitishi. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, na nimekulia kwenye vigodoro, spika zimepangwa barabarani mpaka alfajiri. Kilichonishangaza pale ni mambo mawili. La kwanza ni ufupi: wimbo unaisha kabla hujajua umeanza. La pili ni maneno. Kwenye singeli unamsikia MC, tena unamcheka na kumjibu. Kule chini sikushika hata neno moja. Sasa mhakiki aliyezoea kupima mashairi na sauti atashika nini?

Bendi ya kwanza haikunisaidia. Walipiga robo saa, nusu yake wakitafuta waya mbovu, kisha umeme ukakatika kwa sababu kuna mtu juu aliwasha kikaangio. Gizani watu walipiga makofi na miguu mpaka taa ikarudi. Huo ndio ulikuwa wimbo wao bora.

Bendi ya pili ilikuwa kitu kingine. Mpiga ngoma alikuwa na mkono wa kulia kama cherehani. Magitaa mawili yalisimama na kuondoka pamoja bila kutazamana. Ukinitaka niseme nani walijua kazi yao usiku ule, nitasema hao, bila kusita. Duara likafunguka katikati ya sakafu, watu wakaanza kukimbia na kusukumana. Dada wa maabara alikuwa ameshanifundisha: anayeanguka anainuliwa na yeyote aliye karibu. Niliingia. Kwa dakika mbili sikuwa mwanafunzi wa kigeni wala Mwafrika pekee kati ya watu wale. Nilikuwa bega tu, miongoni mwa mabega.

Kisha kiwiko changu kikampiga msichana mdogo usoni.

Aliinama, mkono puani. Nilitaka kumfikia, wimbi likanipeleka upande mwingine. Mwimbaji alikuwa hatua tatu kutoka kwake, amefumba macho. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, ukaisha, ukaanza wa tatu. Msichana alipanda ngazi peke yake. Bendi haikukosea hata pigo moja.

Wa tatu walikuwa watoto wa jirani, na ngoma zao zilipishana na gitaa tangu mwanzo. Mwimbaji wao alikuwa binti aliyevaa miwani iliyofungwa kwa utepe. Katikati ya wimbo wa pili jamaa mmoja mkubwa aliteleza, watu wawili wakamwangukia. Binti akashusha maiki na kuinua mkono, na wenzake wakanyamaza, mmojammoja. Hakuhutubia. Aliuliza kama jamaa yuko sawa, akasubiri ajibu mwenyewe. Halafu akawaomba wasichana waliobanwa ukutani wasogee mbele, na sisi warefu turudi nyuma. Wakaanza wimbo upya. Sakafu ilikuwa na sura nyingine. Kelele zilikuwa zilezile, mbio zilezile, ila sasa walikuwa wanakimbia watu ambao nusu saa kabla walikuwa wanalinda miwani na meno yao kando ya boila.

Binti yule hakuyabuni hayo. Fugazi, bendi nyingine ya jiji hili, walikuwa wakisimamisha wimbo ili kuzungumza na anayepiga wenzake, na asiyesikia walimrudishia dola 5 zake za kiingilio wakamtoa nje. Miaka ya mwanzo ya 1990, Kathleen Hanna wa Bikini Kill alikuwa akiwaita wasichana waje mbele. Wapo wanaoona kwamba kusimamisha wimbo ni kuua muziki, na kwamba fujo ndiyo hadikoo yenyewe. Nawaelewa, maana zile dakika mbili zangu za kuwa bega zilitokana na fujo hiyo. Lakini zililipiwa na pua ya mtu mwingine. Kama jukwaa limeondolewa ili tuwe sawa, basi sakafu nayo ni sehemu ya wimbo, na bendi isiyoitazama imepiga nusu ya kazi yake, hata ipige kwa ustadi gani. Kwa kipimo hicho bendi ya tatu, na ngoma zake zilizopishana, ndiyo iliyonipa onyesho bora.

Bendi ya nne haikupiga. Jirani aligonga mlango, tukabeba spika kupandisha juu kimyakimya kama watu waliotoka kuiba.

Msichana nilimkuta jikoni, pakiti ya njegere za barafu puani. Nikamwomba msamaha. Akaniuliza nilikuwa natazama wapi. Nikamwambia ukweli: nilikuwa naitazama bendi, walikuwa wanapiga vizuri mno.

"Kila mtu alikuwa anawatazama wao," akasema, akageuza pakiti upande wa baridi.

Baadaye nilitumiwa video ya bendi ya pili, imerekodiwa kwa simu. Ni dakika kumi na moja, na muziki ni mzuri kama nilivyoukumbuka. Niliirudia mara tatu nikitafuta kiwiko changu. Hakipo. Aliyerekodi hakumwacha mwimbaji hata sekunde moja.