Monticello: Nyumba na Mikono Iliyofichwa

Nyumba ya mtu mashuhuri ikishageuzwa makumbusho, husomeka kama matini: ina mtunzi wake, ina mpangilio wake, tena ina mambo iliyoyanyamazia. Mfano ulio wazi ni Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson karibu na Charlottesville katika jimbo la Virginia, Marekani. Jefferson aliichora mwenyewe, akifuata vitabu vya Palladio na majengo aliyoyaona Ufaransa baina ya 1784 na 1789. Ujenzi ulianza mwaka 1769, na tangu 1796 nyumba ikabadilishwa na kupanuliwa. Nguzo zake na kuba lake lenye pembe nane humkumbusha mgeni Roma ya kale.

Ukumbini mna pembe za wanyama, mifupa ya viumbe waliotoweka, ramani, sanamu ya Voltaire, na saa kubwa ambayo mizani yake huonyesha siku za juma kadiri inavyoshuka ukutani. Ukuta haukutosha, sakafu ikatobolewa, na Jumamosi ikaangukia chumba cha chini. Mkusanyo huo unatangaza akili iliyotaka kujua kila kitu.

Hata hivyo, ustadi mkubwa wa nyumba hii umo katika kuficha. Katika chumba cha kulia, chupa za mvinyo hupandishwa kutoka chini kwa visanduku vilivyositirika kandokando ya meko. Vyakula hupitishwa kwa mlango unaozunguka, wenye rafu upande mmoja, aliyevileta asionekane. Jikoni na vyumba vya kazi vimezamishwa chini ya baraza ndefu, mandhari isivunjwe. Mwandishi wa Azimio la Uhuru la 1776 alimiliki maishani mwake watumwa zaidi ya 600. Alifariki mwaka 1826. Januari 1827 watu wapatao 130 wakatangazwa kuuzwa kwa mnada papo hapo.

Makumbusho yamejitahidi kusahihisha ukimya huo. Tangu 2018 yanaonyesha habari za Sally Hemings, na kutamka bayana kuwa alimzalia Jefferson watoto. Samani kadhaa zinahusishwa na seremala John Hemmings, aliyeachwa huru kwa wasia wa bwana wake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hapa pana somo la lugha. Neno «mtumwa» limejengwa juu ya kauli ya kutendwa: ni mtu anayetumwa. Kauli hiyo huruhusu mtendaji kuachwa, na «na nani?» hubaki bila jibu. Nyumba ya Monticello ilijengwa kwa sarufi iyo hiyo, ila kinyume: bwana anatajwa kila mahali, watenda kazi wamefutwa. Wala jambo hili si la ng'ambo tu. Kiswahili chenyewe kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa.

Kasoro iliyobaki ni ya mpangilio. Mgeni angali anaingia kwa mlango wa mbele, anastaajabia ukumbi, ndipo ashuke kwenye vyumba vya kazi. Ziara yenye haki ingeanzia jikoni, kisha ikapanda kwa njia ya chupa na sahani, hadi mezani pa bwana.