Kiingereza cha muziki: mazungumzo ndiyo, orodha hapana

Wandugu wenye lisansi, wengi wetu tumepita kwenye klabu ya Kiingereza. Somo la kwanza linajulikana: mnaketi wawili wawili, mmoja anauliza "What kind of music are you into?", mwingine anajibu. Halafu mwalimu anajaza ubao na vitenzi vyenye kaneno nyuma: turn up, turn down, put on, put off. Mkariri, wiki ijayo kuna intero!

Mimi somo hilo nalipenda nusu.

Nusu nzuri ni muziki. Hapa Kongo nani hana la kusema juu ya rumba, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2021? Hata mwenye haya, ukigusa mwanamuziki wake, atatafuta maneno kwa nguvu. Na vitenzi vinashikika: redio ikiwa mbele yenu, "turn it up" ni kuongeza sauti, "turn it down" ni kupunguza. Siku moja mwenzangu alisema "This song has grown on me." Mimi mtu wa kilimo nikadhani wimbo umemwotea mgongoni! Kumbe mwanzoni hakuupenda, polepole ukamwingia.

Nusu mbaya ni ile orodha. Siye tunafikia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa. Tunachagua tolerate, abandon, continue, ju zinafanana na za shuleni, na tunaongea kama barua ya ofisi. Wenye lugha yao, kwa maongezi ya kila siku, wanasema put up with, give up, go on. Tukisikia "put" tunashika "kuweka" na tunaacha kale kaneno ka nyuma, na hako njo kamebeba maana.

Hiyo ilinigharimu. Wakati wa staji, mwanzo wa msimu A, msimamizi alisema: "Put off the planting. The rains haven't set in." Maana yake tungoje, mvua bado haijashika. Mimi nilishika put, planting, rains. Nikawaambia wakulima wapande. Maharagi yakaingia kwenye udongo mkavu, mengi hayakuota. Mama mmoja akaniuliza: "Agronome, mbegu ingine tutaitoa wapi?" Sikuwa na jibu, kwa lugha yoyote.

Kiswahili chetu kinatuonyesha njia. Piga simu, piga picha, piga pasi, piga magoti: nani alizikariri? Tulizisikia kazini na nyumbani. Basi klabu zetu zichukue vitenzi vitatu tu kwa siku, watu wabishane juu ya rumba mpaka vizoeleke, kisha vitenzi vilevile vipelekwe shambani na ofisini. Kwa redio, turn down ni kupunguza sauti. Kwa ombi lako la kazi, ni kukataliwa. Afadhali uijue kabla barua haijafika.

Na nyinyi, kaneno gani kaliwahi kuwapoteza?