Msondo na Sikinde: Wapinzani au Washirika?

Hapa Rumonge, mji wa ndagala na mawese, nawafundisha vijana Kiswahili kwa nyimbo za bendi za Dar es Salaam. Naona kwamba upinzani wa Msondo na Sikinde, unaosifiwa mno, umetuziba masikio. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilipoundwa mwaka 1978, ilichota waimbaji kutoka JUWATA Jazz, bendi iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, nayo ndiyo Msondo. Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA, akahamia Sikinde, kisha Orchestra Safari Sound, hatimaye akarejea Msondo. Wako wanaouita uhamaji huo usaliti. Mimi nauita ushirikiano, ijapokuwa wakuu wa bendi hawakuukusudia (wao walinyang'anyana watu!). Mtunzi anapohama huhama na mafumbo yake na namna yake ya kuonya. Bendi impokeayo humvika magitaa na tarumbeta za mtindo mwingine. Basi mwalimu asiwaulize wanafunzi bendi ipi bora. Awasikilizishe sauti hiyo moja katika bendi mbili, kisha awaulize ni neno gani limebadilika uzito, na kwa nini.