Kruza ndefu inauzwa: anzia chini, friji baadaye

Kila Aprili, masika yakishika na Meru ikajifunika mawingu wiki nzima, magari ya watalii Arusha huanza kubadilisha wenyewe. Wageni wamepungua, marejesho ya benki hayajapungua. Zile Land Cruiser ndefu za madirisha ya kuteleza na paa la kunyanyuka husogezwa karibu na geti, zikaoshwa, zikapigwa picha. Tangazo lake karibu kila mara ni orodha ya vitu: friji, redio koli, soketi za kuchajia kamera, inveta, viti saba vya ngozi, tairi mbili za akiba, ni kuwasha na kwenda Serengeti. Nimezisoma orodha hizo miaka mingi. Bado sijakutana na moja inayotaja kiungo cha chesisi.

Kinachonunuliwa pale ni hicho kiungo. Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1984, haikuzaliwa na urefu tunaouona barabara ya Sokoine. HZJ78 ina milimita 2,980 kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma, na pikapu ya HZJ79 ina 3,180. Ili kila mgeni apate dirisha lake na mahali pa kunyoosha magoti, gereji za Arusha hulikata gari katikati na kuliongezea mwili. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, gari huzeeka nayo. Ikilipuliwa, haitaonekana leo wala kesho, itaonekana baada ya misimu kadhaa, gari likiwa na abiria katikati ya nyika ya Ndutu.

Kwanza gari linavuliwa. Bodi inatolewa, matangi yanashushwa, nyaya na mabomba ya breki yanafunguliwa, hadi ibaki chesisi tupu: reli mbili ndefu za chuma zilizoshikwa na mihimili ya kukingama. Inapandishwa kwenye stendi na kusawazishwa. Kisha fundi anapima mshazari, kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, chesisi imenyooka. Vikipishana baada ya kuchomelea, gari litatembea kiubavu kama kaa na tairi zitaliwa upande mmoja.

Fundi anayeijua kazi hakati wima kama anayekata mkate. Hukata kwa mshazari au kwa ngazi, ili mshono usikae wote katika sehemu moja ya reli. Ndani hupachika kipande cha chuma chenye unene uleule, halafu nje anafunika kwa pleti. Hapa ndipo ufundi unapojipambanua: ncha za pleti huchongwa zikawa nyembamba kama ulimi, hazikatwi mraba. Chuma kigumu kikikoma ghafla, mtikisiko wote hukusanyika pale kilipokomea. Mche uliofungiwa kijiti hauvunjiki palipofungwa, huvunjika pale kamba inapoishia.

Hesabu si ngumu. Ichukulie chesisi kama boriti iliyokalia nguzo mbili, uiongezee sentimita 70, itoke 2,980 ifike 3,680. Kwa mzigo uleule, nguvu ya kuipinda katikati inaongezeka kwa asilimia 23 hivi. Lakini kunesa kunafuata urefu uliozidishwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo kunapanda karibu mara 1.9. Na mzigo haubaki uleule: kuna safu ya viti imeongezeka, vioo, friji, masanduku ya wageni na mtungi wa maji. Ukitoka lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, lami inakuaga, na kuanzia hapo hadi lango la Naabi la Serengeti barabara imejikunja kama bati. Kila mkunjo ni tikiso moja kwenye mshono. Chuma hakichoki kwa uzito, huchoshwa na kurudiwarudiwa.

Urefu una deni jingine. Chukulia tumbo la gari liko sentimita 23 kutoka ardhini. Kabla ya kurefushwa lingevuka tuta lenye mwinuko wa nyuzi 17 na nusu bila kugusa. Baada ya sentimita 70 zile, zimebaki kama 14. Ndiyo maana ukilala chini ya gari lililofanya kazi utakuta makovu tumboni, na makovu hayo mimi huyasamehe. Yanaonyesha wapi gari limekuwa likienda.

Nisichokisamehe ni magadi. Tope la Ndutu, na vumbi la ziwa Magadi ndani ya kreta ya Ngorongoro, hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu ukakaa pale pale ilipojificha. Mahali inapopenda kujificha ni kati ya pleti na reli. Kutu ikianza humo hutanuka, pleti ikavimba kama kitabu kilicholoa. Watu wa pwani wanayajua haya kuliko sisi. Mwenye akili akinunua jahazi lililotumika haanzi na tanga. Husubiri bamvua, maji yatoke chombo kilale mchangani, ndipo apite kando ya mkuku akichoma mbao kwa kisu kusikiliza palipooza. Tanga litanunuliwa jingine. Arusha hatuna bamvua, tuna shimo la gereji, na ajabu ni wanunuzi wangapi hawataki kushuka humo kwa kuogopa kuchafua suruali.

Kutoka kwenye kiungo nenda kwenye propela, lile bomba linalopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma. Chesisi ikirefushwa nayo lazima irefuke, na bomba refu linalozunguka lina tabia ya kucheza kama kamba ya kuruka. Ukiongeza urefu wake mara mbili, mwendo linaoanza kucheza unashuka hadi robo. Kwa hiyo fundi mwangalifu huligawa mara mbili na kuweka beringi ya katikati. Asiye mwangalifu huunga bomba moja, hasawazishi, wala haangalii kama misalaba ya ncha zote mbili imekaa mstari mmoja. Lipeleke gari kwenye lami ya kwenda Usa River, lifikishe kilomita 80 kwa saa, uache mafuta. Sakafu ikikutekenya nyayo, umeshapata jibu. Kagua pia kile kijiti kinachounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki. Kazi yake ni kupima mzigo na kuamua tairi za nyuma zipewe nguvu kiasi gani, na baada ya springi kuongezwa mabapa wengi husahau kukirekebisha.

Paa linapendwa na wageni, na linapaswa kuogopwa na mnunuzi. Paa la kiwandani ni sehemu ya nguvu za bodi, hivyo likikatwa lazima izungushwe fremu ya mabomba ya mraba kuliziba pengo. Dalili ya fremu dhaifu haiko juu. Iko milangoni: pandisha tairi moja la nyuma juu ya jiwe, ufungue mlango na kuufunga. Ukigoma, bodi inajisokota. Mpira wa kuzuia vumbi ni kitu cha dukani, usikuumize kichwa.

Injini sitaizungumzia sana, kwa sababu ndiyo sehemu ya kuaminika kuliko zote. 1HZ iliyomo ni dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo wala kompyuta ya kuibembeleza. Itapumua kwa shida kwenye ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo imepoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Moshi mweusi huko usikutishe. Uliza tu mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa sababu hudai kubadilishwa kila kilomita 100,000 na ukikatika vali zinagongana na pistoni. Usitegemee mita ya kilomita. Tazama mpira wa pedali ya klachi na bawaba za mlango wa dereva.

Nalo friji? Likila ampea 4 kutoka betri ya pili ya ampea-saa 100, na nusu ya betri ndiyo ya kutumia ukitaka idumu, lina saa 12 hivi. Linatosha usiku mmoja. Tuendelee.

Masika haya rafiki yangu aliniomba nimsindikize kuangalia Kruza moja upande wa Njiro. Nje iling'aa. Rangi ya juu sikuijali, kila muuzaji hupiga rangi. Iliyonisumbua ni ya chini: nyeusi, nzito, haijapata hata vumbi la wiki mbili. Nilitandika boksi nikaingia na tochi, brashi ya waya, chupa ya mafuta ya taa na kipande cha chaki.

"Mzee wangu, hiki ni chuma," dalali aliniambia akichungulia kutoka pembeni. "Utajichafua bure."

Nikasugua ncha ya pleti ya reli ya kushoto hadi chuma kikawa cheupe. Pleti ilikuwa imekatwa mraba. Nikapaka mafuta ya taa, nikasubiri robo saa, nikafuta kwa kitambaa hadi kikauke kabisa, kisha nikapaka chaki. Nikamwomba rafiki yangu apande nyuma arukeruke. Muda si mrefu kwenye weupe wa chaki ukajichora mstari uliolowa, mwembamba kama unywele, ukitoka kwenye kona ya pleti kupanda juu, urefu wa ukucha wa kidole gumba.

"Huo mkwaruzo tu, mzee."

Nikafuta, nikapaka chaki upya. Ukarudi pale pale. Mkwaruzo haunywi mafuta ya taa.

Ufa wa namna hiyo unatibika. Hutobolewa tundu dogo mwisho wake usiendelee kukimbia, ukachimbwa kwa grainda, ukajazwa, na pleti ile ikatolewa kuwekwa nyingine yenye ncha za ulimi. Upande wa kulia hufanyiwa hivyo hivyo hata kama haujapasuka, maana ulikatwa na mkono uleule. Rafiki yangu aliomba gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei. Dalali akapiga simu, akasogea kando, akarudi akitikisa kichwa: bosi amesema gari lina friji jipya.

Wiki iliyofuata nilipita tena. Lilikuwa bado getini, limeoshwa. Niliinama kidogo kama mtu anayefunga kamba za viatu. Reli ya kushoto ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mbichi.